Mtoto hataji jina lake mbele ya wageni: tumsaidieje kuchangamana, na utambulisho wake uthibitishweje?

Mama Nuru ameuliza:

Habari zenu, wazazi na walezi wenzangu. Naomba ushauri kuhusu binti yangu mwenye umri wa miaka sita. Nyumbani ni msemaji, hata kumlaza usiku ni kazi kwa sababu hadithi zake haziishi. Lakini akitokea mtu asiyemzoea, sauti inakatika, anashika nguo yangu na kutazama chini. Shuleni hucheza kando ya wenzake bila kujiunga nao, na mwalimu wake anasema kwamba bado hajaisikia sauti yake zaidi ya mnong'ono.

Kilichonisukuma kuandika ni tukio la hivi karibuni. Tulikwenda katika ofisi moja kushughulikia hati zake za kusafiria. Karani alikichukua cheti chake cha kuzaliwa, akainama dirishani na kumwuliza, "Unaitwa nani? Huyu uliyekuja naye ni nani wako?" Mtoto hakutoa neno. Karani akarudia kwa sauti ya juu zaidi, waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakaanza kunung'unika, nami nilipotaka kujibu nilikatazwa, kwa maelezo kwamba swali lilikuwa la mtoto. Mwishowe tuliambiwa turudi siku nyingine pamoja na baba yake na hati zaidi.

Maswali yangu ni mawili, nami nayaona kuwa yameshikana. Kwanza, nimsaidieje kuchangamana na watu bila kumvunja moyo? Pili, mtoto asiyeweza kujisemea mbele ya mgeni anathibitishaje kwamba yeye ndiye yeye?

Mwalimu wa Awali amejibu:

Pole kwa usumbufu huo, Mama Nuru. Nafundisha watoto wadogo, na ni nadra nikakosa darasani mtoto wa namna ya binti yako. Nianze na chanzo, kwa sababu wazazi wengi hujilaumu bure. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwachunguza watoto wachanga wa miezi minne kwa kuwaonyesha vitu vigeni na kuwasikilizisha sauti wasizozizoea, akakuta kwamba takribani mmoja katika kila watano alirusha mikono na miguu na kulia kuliko wenzake. Na wengi katika hao, walipofuatiliwa hadi mwaka wa pili, ndio walioonekana kusita zaidi mbele ya watu wasiowajua. Hata hivyo, si wote waliobaki hivyo walipokua. Mtoto huzaliwa na mwelekeo, kisha anayokutana nayo humpeleka huku au kule.

Kuhusu kucheza kando ya wenzake, usilione jambo hilo kama kutengwa. Tangu Mildred Parten alipochapisha utafiti wake wa michezo ya watoto mwaka 1932, walimu tumefundishwa kuutambua mchezo wa sambamba, yaani mtoto kuketi karibu na wenzake akiwa na vifaa kama vyao, huku akifanya lake. Katika umri wa binti yako tungetarajia awe ameshaanza kucheza pamoja na wengine, lakini kwa mtoto mwenye haya nafasi ile ya kando ni mlango wa kuingilia. Anasikiliza, anajifunza kanuni za mchezo, anapima nani mpole na nani mkorofi. Ukimsukuma katikati kabla hajamaliza kupima, atarudi nyuma zaidi ya pale alipokuwa.

Lipo jambo moja ambalo wazazi hawalitumii vya kutosha, nalo ni kumkutanisha na mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 1979 Wyndol Furman, Donald Rahe na Willard Hartup walichapisha utafiti kuhusu watoto wa umri wa chekechea waliokuwa wakijitenga na wenzao. Baadhi yao walipangiwa vipindi vya kucheza na mtoto mmoja wa rika lao, wengine na mtoto mmoja aliyewazidi udogo kwa mwaka mmoja hivi. Waliocheza na wadogo ndio waliobadilika zaidi waliporudi darasani. Sababu si ngumu kuiona: kwa mtoto mdogo, yule mwenye haya hupata kuongoza, huonyesha jinsi kitu kinavyofanywa na kuona kwamba kauli yake inafuatwa, nafasi ambayo kwa wenzake wa rika moja huwa imeshachukuliwa na wenye sauti kubwa.

Mkimwalika rafiki nyumbani, awe mmoja tu, na ziara iwe fupi. Andaeni shughuli sakafuni kabla mgeni hajaingia, iwe ni vipande vya kujengea au karatasi na rangi, kwa sababu watoto wawili wanaokutana bila kitu mbele yao hulazimika kwanza kupatana wacheze nini, na kupatana huko ndiko hasa ambako binti yako bado hajakuweza. Wakianza kucheza, wewe ondoka polepole, usiondoke ghafla. Darasani mimi humpa mtoto wa aina hii kazi yenye maneno yaliyokwisha kupangwa: anagawa kalamu na kumwuliza kila mmoja, "Nyekundu au buluu?" Hahitaji kubuni la kusema, na siku haiishi kabla hajaongea na darasa zima.

Baba wa Watano amejibu:

Kwa heshima zote, Mwalimu, naona tunawalea watoto hawa kama mayai. Mimi nililelewa kwa kuamriwa kusalimia, nikasalimia, na sikufa. Karani alikuwa na wajibu wa kumhoji mtoto, na dunia haitamsubiri mtu mpaka awe tayari. Mama Nuru, mzoeze kila siku kujibu watu, na asipojibu msiondoke hapo mpaka ajibu. Ukimwachia leo, atakuwa mtu mzima asiyeweza kuomba kazi.

Mshauri wa Watoto amejibu:

Ndugu yangu Baba wa Watano, katika nusu ya uliyosema nipo pamoja nawe. Kumkwepesha mtoto kila kinachomtisha huilisha hofu, na mzazi anayejibu kwa haraka kila mara mtoto anapoulizwa humfundisha, bila kukusudia, kwamba akinyamaza muda wa kutosha mtu mwingine ataongea badala yake. Tunachotofautiana ni hicho cha kusimama pale mpaka ajibu. Kwa watoto wengi wa aina hii ukimya hautokani na ukaidi. Koo hukaza, uso hukakamaa, na kadiri macho yanavyoongezeka ndivyo anavyozidi kushindwa. Akilazimishwa na akashindwa hadharani, mwili wake hukumbuka aibu ile, na safari ijayo ataanza kunyamaza kabla hata hajaulizwa.

Mama Nuru, maelezo yako yananifanya nikushauri jambo ambalo huenda wengine hawatalitaja. Mtoto anayeongea kwa ufasaha nyumbani lakini asiyeweza kabisa kuongea mahali fulani mahususi, kama vile shuleni, anaweza kuwa na hali ambayo wataalamu huiita ukimya teule. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, katika toleo lake la mwaka 2013, uliiweka hali hii miongoni mwa matatizo ya wasiwasi, na kwa mujibu wake ukimya lazima uwe umedumu angalau mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule, na usiwe umesababishwa na kutoifahamu lugha inayotumika. Mara nyingi huanza kabla ya miaka mitano. Si kazi yangu kumpima mtoto kutoka mbali, na mnong'ono ule unaosikika kwa mwalimu ni dalili njema. Lakini ikiwa hali imeendelea kwa miezi, tafuta mtaalamu wa saikolojia ya watoto au wa tiba ya lugha na matamshi, kwani msaada wa mapema ni rahisi kuliko wa baadaye.

Wakati ukimtafuta, ziko mbinu unazoweza kuzianza. Omba ruhusa ukae na mwanao darasani wakati hakuna watu, mkicheza mchezo mnaoupenda nyumbani, mpaka sauti yake itoke kama kawaida. Siku nyingine mwalimu apite nje ya mlango uliofunguliwa bila kuwatazama. Baadaye aingie na kuketi pembeni akisahihisha madaftari yake, kisha asogee karibu, na mwisho ajiunge na mchezo wa kuhesabu kwa zamu: wewe moja, mtoto mbili, mwalimu tatu. Namba ni rahisi kuliko sentensi, kwa sababu jibu linajulikana na hakuna anayeweza kukosolewa. Kila hatua irudiwe mpaka imchoshe mtoto ndipo mwendelee. Anayeruka hatua hulipia baadaye.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Swali la ndiyo au hapana hujibiwa kwa kichwa, na swali pana kama "Leo umefanya nini?" humlemea. Katikati yake lipo swali la kuchagua: "Unataka kuketi dirishani au mlangoni?" Ukishauliza, nyamaza na uhesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kusema lolote. Watu wazima wengi hawavumilii ukimya wa sekunde mbili. Akijibu, usimshangilie kama aliyeshinda mbio, kwa kuwa shangwe huyarudisha macho yote kwake. Mwambie tu, "Asante kwa kuniambia," kisha muendelee na mliyokuwa mkifanya. Zaidi ya yote, msiseme mbele yake kwamba "huyu ana haya sana." Anasikia, naye ataliishi jina hilo.

Karani Mstaafu amejibu:

Nimefanya kazi ya usajili kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu swali la pili, ambalo naona wengine wamelipita. Mama Nuru, utambulisho wa mtoto haupaswi kutegemea ulimi wake. Mtu mzima huthibitisha alivyo kwa kitu alicho nacho, kama kitambulisho. Kwa kitu anachokijua, kama namba ya siri. Au kwa kitu kilicho mwilini mwake, kama uso na alama za vidole. Kwa mtoto wa miaka sita kila moja kati ya hivyo ina upungufu, ndiyo maana utambulisho wake huegemea mnyororo wa kumbukumbu na mtu mzima anayewajibika kwa ajili yake.

Cheti cha kuzaliwa hueleweka vibaya hata na baadhi ya makarani. Hati ile kwa kawaida haina picha. Inathibitisha kwamba mtoto mwenye jina fulani alizaliwa tarehe fulani kwa wazazi fulani. Haithibitishi kwamba mtoto aliyesimama dirishani ndiye huyo. Anayeunganisha hati na mtoto ni mzazi au mlezi, ambaye kitambulisho chake mwenyewe hulinganishwa na jina lililoandikwa kwenye cheti. Ndiyo sababu jina la mzazi likitofautiana, hata kwa herufi moja, au likiwa limebadilika baada ya ndoa, kazi huwa ndefu. Kabla ya kurudi ofisini, laza hati zote mezani na ulinganishe majina herufi kwa herufi.

Picha husaidia, lakini uso wa mtoto hubadilika upesi, na kwa sababu hiyo nchi nyingi huipa pasipoti ya mtoto miaka mitano tu ilhali ya mtu mzima hupewa kumi. Alama za vidole nazo hukamilika mtoto akiwa bado tumboni na umbo lake halibadiliki maishani, ila mistari ya vidole vya mtoto mdogo ni myembamba mno kwa mashine za kawaida. India, katika mfumo wake wa namba za utambulisho uitwao Aadhaar, humsajili mtoto wa chini ya miaka mitano kwa picha na kwa kumwunganisha na mzazi bila kuchukua alama zake, kisha alama huchukuliwa afikapo miaka mitano na kuchukuliwa upya afikapo kumi na mitano. Umoja wa Ulaya umewaondolea watoto wa chini ya miaka kumi na miwili sharti la alama za vidole katika pasipoti. Ikiwa mifumo mikubwa namna hiyo inakubali kwamba mwili wa mtoto bado haujawa ushahidi thabiti, sioni kwa nini sauti yake ichukuliwe kuwa ndiyo kipimo.

Hata hivyo, msimhukumu sana karani yule. Swali la "Huyu ni nani wako?" huulizwa kwa sababu watoto huibwa na kuvushwa mipaka na watu wenye hati zinazoonekana safi, na afisa makini hutazama jinsi mtoto anavyomwegemea au kumkwepa aliyemleta. Kwa maoni yangu kosa lake ni kulichukua neno kuwa ndilo jibu pekee. Mtoto aliyeshika nguo ya mama yake amekwisha kujibu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kuandikishwa mara baada ya kuzaliwa katika ibara ya 7, na haki ya kuhifadhiwa utambulisho wake katika ibara ya 8. Na ibara ya 12, inayompa haki ya kusikilizwa, ilifafanuliwa na Kamati ya Haki za Mtoto mwaka 2009 kwamba inahusu pia mawasiliano yasiyo ya maneno, kama vile mchezo, ishara za mwili na uso, na uchoraji.

Mtakaporudi, andika barua fupi na uikabidhi pamoja na hati, ukieleza kwamba mtoto hawezi kuongea mbele ya wageni na ukiomba aruhusiwe kuonyesha kwa kidole au kuandika. Ukiwa na maelezo ya mwalimu au mtaalamu, yaambatanishe. Iache barua iongee, ili usilazimike kuyasema hayo kwa sauti mtoto akisikia. Mzazi mwenzako akiwa hawezi kufika, uliza mapema kama ofisi hiyo inapokea ridhaa yake ya maandishi na ni nani anayepaswa kuishuhudia, kwani masharti hutofautiana.

Aliyekuwa Mkimya amejibu:

Mimi nilikuwa mtoto wa aina hiyo, na niongeze jambo ambalo lilinichanganya sana. Watu wazima walewale walionionya nisiongee na nisiowajua ndio walionigombeza niliponyamaza mbele ya wageni wao. Mtoto mwenye haya huishika kanuni ya kwanza kwa mikono miwili. Mweleze binti yako tofauti kwa maneno wazi: akiwa nawe au na mtu uliyemkabidhi, anaweza kujibu, akiwa peke yake na mtu akamfuata kumwuliza habari zake, hana deni la jibu kwa yeyote.

Tena suala la kuthibitisha utambulisho lina upande wa pili. Mtu akija shuleni na kusema, "Mama yako amenituma nikuchukue," huyo ndiye anayepaswa kujithibitisha mbele ya mtoto. Kubalianeni neno la siri la familia, lisilo jina la mtu wala la mnyama wenu, na mtoto ajue kwamba asiyelijua haondoki naye, hata kama analijua jina lake. Kwa sababu hiyo usiliandike jina lake mahali pa wazi kwenye begi au nguo. Namba yako ya simu iwe kwenye kadi ndani ya mfuko, na afundishwe kwamba akipotea anaweza kumpa kadi hiyo mtu anayefanya kazi mahali hapo, au mama aliye na watoto, bila kusema neno lolote.

Mama Nuru ameandika tena:

Shikamoo, mzee Karani, na asanteni nyote. Mwalimu, nitaanza na mtoto wa jirani ambaye ni mdogo kwake. Mshauri, hali hii imeendelea tangu alipoanza shule, kwa hiyo nitamtafuta mtaalamu. Nina swali moja kwa mzee: binti yangu anaweza kuandika jina lake kamili kwa mkono wake. Je, ofisini maandishi hayo yana uzito wowote, au nitakuwa nampotezea karani muda?

Karani Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Kama saini hayana uzito mkubwa, kwa kuwa mwandiko wa mtoto hubadilika kila mwaka, na kwa kawaida mzazi ndiye anayesaini kwa niaba yake. Kama jibu la swali "Unaitwa nani?" yanatosha kabisa, na mimi niliyapokea mara nyingi. Aandike palepale mbele ya karani, asije na karatasi iliyoandikwa nyumbani, maana karani hana njia ya kujua ni mkono wa nani ulioiandika. Nenda asubuhi mapema kabla foleni haijajaa, na uchukue kalamu aliyoizoea.

Mshauri wa Watoto amejibu:

Niongeze kwa ufupi: fanyeni mazoezi ya jambo hilo nyumbani kama mchezo, mmoja akiwa karani na mwingine mgeni, na mpe binti yako zamu ndefu ya kuwa karani. Awaulize ninyi majina yenu, akague hati zenu, na akipenda awanyime muhuri.